Sifa za Neno Lililolala Mshazari

Wengine wamesifiwa vya kutosha. Sasa ni zamu ya neno linalogeuzwa ndani ya PDF. Ni kiumbe mnyonge: NAKALA iliyolala mshazari kwenye proforma, RASIMU iliyoukalia mkataba wa pango, au jina la somo lililosimamishwa wima kwenye jedwali la matokeo. Steshenari za Mbagala na Tandika huchapa kurasa za namna hiyo kutwa nzima, na hakuna anayeuliza nani alilizungusha.

Sifa yake ya kwanza ni kurudisha watu shule. Kijana wa Kijitonyama aliyeapa kwamba matriki za Kidato cha Nne hazitamfaa maishani hukutana nazo tena siku anapoandika programu ya kutoa ankara. PDF, iliyoletwa na Adobe mwaka 1993, haijui kuambiwa "geuza". Inadai namba sita, na nne za mwanzo zinatoka kwenye sine na kosine. Kwa nyuzi 45 ni 0.7071 mara nne, moja ikiwa hasi. Hiyo hasi ikikosea kiti, imekula kwake.

Maktaba za programu kama ReportLab humfichia kijana hesabu hizo. Hapo ndipo sifa ya pili, ya usafiri, inapojitokeza.

Kila kitu huzunguka kona ya chini kushoto, si neno lenyewe. Ni mbuzi na kamba: kigingi kiko konani, na kamba ikiwa ndefu mbuzi huibukia uani kwa jirani. A4 ina upana wa nukta 595 na urefu wa 842. Neno lililokaa nukta 300 kulia na 400 juu, likigeuzwa nyuzi 90 kinyume cha saa, hutua nukta 400 kushoto, nje ya karatasi. Programu hailalamiki. Faili linafunguka, ukurasa mweupe pe. NAKALA imeingia mitini.

Dawa ni kuhamisha kigingi kwanza, kugeuza baadaye, kisha kuandika palepale penye sifuri.

Tatu, lina ukarimu. Mwandishi wa programu asiporudisha hali ya awali baada ya kugeuza, kila kinachofuata hupewa mgeuko uleule: jina la mteja, jumla, VAT, mpaka mstari wa sahihi.

Na likishakaa sawa, huanza kumfanyisha mteja mazoezi. Ametumiwa risiti kwa WhatsApp, yumo ndani ya daladala la Rangi Tatu, anageuza simu asome maandishi ya pembeni. Simu nayo inageuza ukurasa. Anairudisha, ukurasa unarudi nayo. Mwishowe anaiacha simu na kuinamisha shingo, mpaka bega la abiria wa jirani.