Dashibodi Kwanza, Mabawa Baadaye

Umeamua kuunda ndege nyuma ya nyumba, katikati ya kibanja chako cha Muleba. Hongera, ndugu yangu. Kabla hujanunua hata bati moja, nisikilize: anza na dashibodi. Mabawa hula pesa, injini hula pesa na usingizi, lakini dashibodi ndiyo atakayoipiga picha shemeji yako akija kutoka Dar kula Krismasi. Mganda Chris Nsamba alipokuwa akiunda ndege uani kwa mama yake, Ntinda, Kampala, waandishi wa habari wa nje walimfikia mwaka 2011, ndege ikiwa bado chini. Umeona? Sifa haisubiri kuruka.

Na usiruke. Bukoba, mji ambao wavuvi wake waliwaopoa abiria wa ndege iliyoanguka ziwani tarehe 6 Novemba 2022, hauna hamu ya majaribio yako.

1. Geji. Ndege ndogo inataka sita za msingi: mwendo, mlalo, kimo, mgeuko, uelekeo, na ile ya kupanda na kushuka. Wewe shuka Bukoba mjini kwa wauza spea, uliza dashibodi ya Noah iliyogongwa. Utapata mwendo, mafuta na joto la maji kwa mkupuo. Zilizobaki jazia na saa za ukutani. Wageni huhesabu miduara, hawaisomi.

2. Kimo. Hapa kuwa makini, maana ndipo wengi huumbuka. Fundi asiyejua ataegesha mshale kwenye sifuri kwa sababu ndege iko chini. Kosa! Geji ya kimo hupima mgandamizo wa hewa, na rubani huiseti isome kutoka usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe liko mita kama 1,134 juu ya bahari, na Muleba yako iko juu ya ziwa. Kwa hiyo gundisha mshale kwenye futi 4,500 hivi, kisha mgeni akishangaa, mtazame kwa huruma. Huo ndio uongo pekee kwenye dashibodi yako utakaokaribia ukweli. Ufurahie.

3. Waya. Wenye ndege zao wanasema kichwa cha waya kibanwe kwa koleo maalumu, kisichomelewe kwa risasi, kwani risasi huufanya waya kuwa mgumu na mtetemo wa injini huukata pale pale risasi inapoishia. Wanasema pia ethi zote zikutane sehemu moja, na kila waya uwe na namba yake. Maneno mazuri. Lakini wewe huna injini, mtetemo utoke wapi? Sokota, zungushia tepu nyeusi, sukumia nyuma, funika. Fyuzi ikikatika, ivishe ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kama wafanyavyo mafundi wote ambao magari yao yameungua.

4. Swichi. Funga nyingi. Swichi isiyounganishwa na kitu ndiyo bora kuliko zote, haijawahi kuharibika. Moja iwe na kifuniko chekundu, na ukataze watoto kuigusa. Lebo andika kwa Kiingereza kirefu. Sisi Wahaya, nshomile kama tunavyoitwa, tumeshasingiziwa majivuno nchi nzima, usiwaangushe wanaotusingizia.

5. Dira. Ipachike karibu na spika ya redio. Sumaku ya spika itaivuta, na utakuwa na dira inayoelekea kwenye muziki. Mpaka wa Mutukula uko upande gani, majirani wanajua bila dira.

6. Historia. Kila geji iwe na hadithi yake. Usijaribu, nakuomba, ile ya kwamba imetoka kwenye MiG ya Idi Amin iliyodunguliwa wakati wa Vita vya Kagera. Wazee waliokuwepo mwaka 1978 bado wapo, na watainama kusoma. MiG ilitengenezwa na Warusi, yako imeandikwa Japan. Sema tu ilikuja kwenye kontena.

7. Usajili. Usajili wa ndege zote za kiraia za Tanzania huanza na 5H. Ukipaka alama hizo bila Mamlaka ya Usafiri wa Anga kujua, utapata wageni ambao hawakuja kupiga picha. Acha pale peupe. Ukiulizwa, sema faili liko mezani kwa mtu. Hakuna Mtanzania atakayeuliza swali la pili.

Uzinduzi uwe usiku, Novemba au Desemba, msimu wa senene. Washa taa zote, hasa ile kali ya mbele. Senene watajaa kiti cha rubani mpaka kwenye swichi nyekundu. Uwe na ndoo, na mwambie shemeji alete chumvi.