Roboti Zimeripoti Saiti: Ipi Ishike Karai?

Mlinzi wa geti amechanganyikiwa. Waombaji kazi wa leo hawana kitambulisho, hawasemi shikamoo, na mmoja ana miguu minne. Wametoka Japani, Marekani, Australia na hata Liechtenstein, nchi ambayo ukianza kuipigia kamba ya msingi asubuhi, kufika jioni umeimaliza. Wote wanadai wanajua ujenzi.

Basi tuwafanyie usaili. Swali ni moja tu: unaokoa kiungo gani cha mwili wa mtu? Mgongo, goti, bega, taja. Mbwembwe hazina alama. Tunaanzia mkiani.

10. HRP-5P, bwana gipsamu

Huyu katengenezwa na taasisi ya utafiti ya AIST ya Japani, na mwaka 2018 alionyeshwa akibeba ubao wa gipsamu, akiuegemeza ukutani na kuukaza kwa skrubu bila kushikwa mkono. Ana kichwa, mikono, miguu, urefu wa sentimita 182 na uzito wa kilo 101. Kwa umbo, keshapata kazi. Kwa mwendo, hapana. Anavyogeuka na ule ubao utadhani analipwa kwa siku na jua bado liko juu.

Ila kabla hatujamcheka, tujue katokea wapi. Japani zaidi ya theluthi moja ya wajenzi wamevuka miaka 55, na vijana wanaoingia kwenye kazi hiyo ni wachache. Kule roboti inajaza nafasi ambayo haina mwombaji. Kwetu nafasi moja ya saidia fundi inagombewa getini tangu alfajiri, na waliokosa wanabaki kando ya barabara wakisubiri mmoja achelewe. Kwa hiyo kila mashine kwenye orodha hii ibebe swali hilo mgongoni: ilibuniwa kwa uhaba wa nani?

Halafu roboti haili. Mama ntilie kapiga kura ya hapana.

9. Spot, mbwa asiyebweka

Mbwa wa Boston Dynamics, kilo 32 hivi. Mwaka 2020 aliwekwa sokoni Marekani kwa dola 74,500. Kazi yake saiti ni kuzunguka vyumba, kupanda ngazi, kupiga picha na kupima, ili wenye mradi waone kama kilichosimama kinafanana na kilichochorwa.

Kwetu mbwa huajiriwa saiti kwa sababu moja: saruji isitembee usiku. Spot habweki wala hang'ati, na kwa bei hiyo yeye ndiye atakayehitaji mlinzi.

Nampa alama kwa safari moja tu. Mwaka 2022 walimpeleka Pompeii, Italia, wamjaribu kwa kazi ya kukagua hata mahandaki yaliyochimbwa na wezi wa mali za kale, sehemu ambazo udongo unaweza kumshukia mtu muda wowote. Hapo haokoi kiungo, anaokoa mtu mzima. Angeishia kwenye kazi za namna hiyo angepanda hadi tano bora.

8 na 7. Hadrian X na SAM, waashi wawili waliofungana

Hadrian X ni ya kampuni ya FBR ya Perth, Australia, na jina limetoka kwa Kaisari Hadrian, Mrumi aliyeanzisha ukuta wa kaskazini mwa Uingereza mwaka 122. Ni mkono mrefu uliopandishwa juu ya lori, unapanga matofali kwa gundi badala ya udongo wa saruji. Novemba 2018 ulisimamisha kuta za nyumba ya vyumba vitatu na mabafu mawili kwa muda usiofika siku tatu.

Siku tatu! Nani kwetu anataka nyumba kwa siku tatu? Msingi tunachimba mwaka wa harusi. Boma linapanda mtoto wa kwanza akianza chekechea. Bati linapigwa pale mama mkwe anapotangaza kuja kukaa. Katikati hapo kuna mchezo wa kupokezana, mkopo wa SACCOS, ada, msiba wa upande wa baba, na majani ndani ya sebule. Kinachochelewesha nyumba zetu si mikono ya fundi, maana fundi mzuri na saidia wake wawili wanakumalizia boma haraka kuliko unavyotafuta hela ya lenta. Mletee mtu Hadrian X, ipange matofali mpaka mwisho Jumatano, halafu lori lisimame pale miaka minne likisubiri mbao za kenchi.

SAM ni ya Marekani, ya kampuni ya Construction Robotics, New York. Inachota udongo, inapaka tofali, inapanga mstari ulionyooka. Lakini kona zinabaki kwa fundi, kusafisha viungo vya ukuta ni kwa fundi, na lazima awepo mtu wa kuilisha matofali. Roboti yenye watu wa kuihudumia pande zote mbili: hicho tayari ni cheo. Kesho itaomba posho ya kikao.

6. FieldPrinter, karani wa sakafuni

Kagari kadogo ka kampuni ya Dusty Robotics, iliyoanzishwa 2018 na Tessa Lau na mwenzake. Kanatembea juu ya zege lililokauka na kuchapa ramani pale pale chini: ukuta upite hapa, mlango hapa, bomba litokee hapa. Kiungo kinachookolewa ni magoti, maana kazi hiyo kwa kawaida watu huifanya wakitambaa na uzi wa chaki.

Sisi mraba tunaupima kwa 3, 4 na 5, hesabu ambayo haijawahi kuishiwa chaji. Lakini shida ya karani huyu kwetu ingekuwa nyingine. Ramani zetu hubadilishwa kwa simu.

"Fundi, hebu lisogeze jiko kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mama?"

"Kidogo tu, utaona mwenyewe."

Faili la "utaona mwenyewe" halijapatikana kwenye kompyuta yoyote.

5. Ndege ndogo za Zanzibar

Fupi. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuipiga picha Unguja na Pemba kutoka angani kwa ndege zisizo na rubani, Kamisheni ya Ardhi na chuo kikuu cha SUZA wakiwemo. Kiungo: nyayo za wapima ardhi. Alama ya ziada: uzio uliosogezwa usiku unaonekana mchana.

4. Printa za nyumba

Hizi zimeshafika mtaani, hatuzisomi tena magazetini tu. Mwaka 2021 huko Salima, Malawi, kampuni ya 14Trees ilichapa kuta za shule kwa saa 18. Kisha ikaja pwani yetu: Mvule Gardens, Kilifi nchini Kenya, mradi wa nyumba 52, kwa printa iliyotengenezwa na COBOD ya Denmark. Bomba linasukuma mchanganyiko wa saruji, pua ya printa inazunguka kufuata ramani, tabaka juu ya tabaka, na ukuta unatoka na mistari ya mlalo kama chapati ya kusukuma iliyokunjwa kabla ya kukaangwa.

Wanaosema zege halilali hapa wanapata maana yake kamili. Mchanganyiko ukikaa kwenye bomba dakika za kupiga soga, umeganda, na umepoteza mchanganyiko na bomba. Tabaka la chini likiwa bado bichi mno, la juu linaliangusha. Likikauka mno, la juu halishiki. Kwa hiyo pembeni ya printa kuna watu wamekodoa macho kuliko wakati wowote wa kujenga kwa mwiko.

Nawapa nafasi ya nne kwa sababu hakuna mtu anayeinua tofali, na hilo si dogo. Siwapi ya tatu kwa sababu ya matangazo. "Nyumba kwa saa kadhaa" maana yake ni kuta kwa saa kadhaa. Msingi, paa, milango, nyaya, choo na shimo lake bado vinamsubiri fundi yule yule na simu yake isiyopatikana. Na ukiwahi kujenga unajua boma ndilo lililokuwa rahisi. Pesa zilikwenda kwenye finishingi.

3. Mkono uliokata utepe

Hii nimeipandisha kwa upendeleo, mtanisamehe. Julai 2021 Amsterdam walizindua daraja la watembea kwa miguu la MX3D, urefu wa mita 12, la chuma kilichochomelewa tone kwa tone na mikono ya roboti. Malkia Máxima alifika, akabonyeza kitufe, na mkono wa roboti ukashika mkasi ukakata utepe.

Someni tena sentensi hiyo taratibu. Miaka yote tunatishwa kwamba mashine zitamwondoa mpanga matofali, kumbe iliyokuwa hatarini ni kazi ya mgeni rasmi. Roboti haichelewi saa tatu. Haina msafara. Haisimami kwenye kipaza sauti kusoma hotuba ya kurasa kumi na nane huku watoto wa shule wakianguka kwa jua. Inakata, inanyamaza. Kiungo inachookoa ni miguu ya wananchi waliosimama, na masikio yao.

Naomba tuanze na hii. Za matofali zitafuata.

2. TyBot na Jaibot, ndugu wa kuinama na kuinuka

Sasa utani upungue kidogo, tumefika kwa watu wazima.

Aliyefunga nondo za slabu anaijua kazi hiyo kwa kiuno. Unainama, unapitisha waya, unazungusha koleo, unakata, unasogea hatua, unainama tena, jua mgongoni na joto la chuma usoni, mpaka njia zote za nondo zimekutana. TyBot, inayotengenezwa Pennsylvania, Marekani, inafanya hilo kwenye madaraja tangu 2017. Inaning'inia kwenye boriti inayotembea juu ya reli, kamera inatafuta nondo zilipopishana, mkono unashuka, unafunga, unapanda. Watu bado wanatandika nondo na kufunga chache za kushikilia. Kinachoondoka ni ule wimbo mrefu wa inama-inuka.

Jaibot ni dawa ya upande wa pili. Imetoka kwa Hilti wa Liechtenstein, 2020, nayo inatoboa dari. Kutoboa dari kwa mkono ni kushika drili nzito juu ya kichwa, shingo imepinda, vumbi la zege likikuingia machoni na kwenye mapafu. Mashine hii inasoma matundu yalipo kwenye ramani ya kidijitali, inajipanga chini yake, inatoboa na kufyonza vumbi. Mtu anaisogeza kutoka chumba hadi chumba na kuiangalia.

Hapa tofauti na wale waashi wawili inaonekana. Hakuna fundi duniani anayejivunia kutoboa tundu la mia tatu. Kupanga kona ya ukuta, anajivunia, na atakuonyesha ukipita na daladala.

1. Vazi la bega, na mkono wa MULE

Washindi hawana sura ya roboti, na mmoja hana hata waya.

Ottobock ni kampuni ya Ujerumani iliyoanza Berlin mwaka 1919, ikiwatengenezea miguu na mikono ya bandia askari waliorudi kutoka vitani bila viungo. Karibu karne moja baadaye ikageukia watu ambao viungo wanavyo, ila vinachakaa kazini. Ikatoa vazi la mabega, na mwaka 2020 Hilti akaleta lake, walilolitengeneza pamoja. Lina kilo mbili hivi. Unalivaa kama begi, na ukiinua mikono juu kupaka rangi dari au kufunga bomba, uzito wa mikono unahamishwa kutoka begani kwenda kiunoni. Halina mota wala betri. Umeme ukikatika, na utakatika, kazi inaendelea.

Nalipenda kwa sababu halimwambii fundi apishe. Jicho ni lake, mkono ni wake, malipo ni yake, na jioni bega bado ni lake pia.

MULE ni ndugu wa SAM, kampuni ile ile, na kwangu ndiye mwenye akili katika familia. Ni mkono wa kuning'iniza unaonyanyua bloku hadi kilo 60 hivi, fundi akiiongoza kwa mkono wake mpaka inapokaa sawasawa kwenye udongo. Pima maji bado anaishika yeye. Mzee wa miaka sitini mwenye jicho la ukuta ulionyooka, ambaye mgongo ulishamstaafisha, anaweza kurudi saiti na kumfundisha kijana. Hata kwetu tusiokosa vijana, wazee wa namna hiyo hatuna wengi.

Bei? Nimefikisha swali kwa mwenye saiti. Kasema atafikiria baada ya bati.

Lalamiko moja la mwisho kwa jopo la usaili. Tumepata mashine ya mgongo, ya bega, ya goti, hata ya masikio. Lakini zege letu la ghorofani bado linapanda ngazi za mbao ndani ya karai, juu ya kichwa cha saidia fundi, na mwombaji wa shingo hakutokea getini. Wahandisi wa Japani, wa Ujerumani, wa Liechtenstein: shingo zipo, saizi zote, njooni mpime. Mje na viatu vya saiti, na msiache mlango wazi, mbuzi wa jirani wanaingia kwenye mchanga.