Mjusi Kafiri na Sisi: Shajara ya Wiki

Jumatatu
Mvua ilinyesha alasiri, kumbikumbi wakatoka. Kufika saa moja usiku walishaijaza sebule. Mke wangu alisema tubakishe taa moja tu, ile inayoning'inia juu ya meza, ili wakusanyike mahali pamoja. Wakakusanyika mezani.

Kwa muda mrefu watu walidhani mdudu huifuata taa akiidhania mwezi. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa Imperial College London, walichapisha maelezo mengine baada ya kuwarekodi wadudu kwa kamera za kasi kubwa. Mdudu anayeruka huelekeza mgongo kwenye mwanga, kwa sababu tangu enzi na enzi penye mwanga ndipo penye mbingu. Akipita juu ya taa, mgongo huufuata mwanga ulio chini yake, anapinduka, anaanguka. Chini ya taa yetu palikuwa na kikombe changu.

Shemeji, aliyekulia Kakamega, hakuona tatizo lolote. Aliwaokota, akawakaanga kwa chumvi. Chai nilimwaga. Mjusi kafiri aliye juu ya kalenda alikula mpaka mdomo haufungiki, bawa likimchungulia pembeni.

Jumanne
Mabawa. Kumbikumbi akishatua huyaangusha mabawa yake na kwenda kutafuta mwenzi kwa miguu. Mke wangu aliyafagia yote, akayaweka fungu moja safi karibu na mlango. Nikawasha feni.

Jumatano
Umeme umekatika. Hakuna la kuandika isipokuwa goti na kona ya kabati.

Alhamisi
Mama mkwe amefika kutoka Malindi. Hapendi mijusi. Alichukua ufagio kabla hajavua baibui, akampiga wa kalenda. Mjusi alienda zake, mkia ukabaki sakafuni unarukaruka.

Nilimweleza kwamba haikuwa ajali. Mifupa ya mkia ina mahali palipoumbwa dhaifu makusudi, pakatike adui akishika. Misuli hubana na damu haimwagiki sana. Mkia una mishipa yake ya fahamu, kwa hiyo huendelea kucheza bila kuhitaji kichwa, na adui hubaki akiukodolea macho, mjusi mwenyewe akitoroka. Utaota mwingine, ila ndani utakuwa wa gegedu badala ya mfupa.

Mama mkwe alisikiliza yote hayo akiwa juu ya kiti. Adui pekee aliyekodoa macho alikuwa paka, ambaye aliurukia mkia na kutua ndani ya sinia ya wali. Tumekula mkate.

Ijumaa
Nilikuwa nimevaa kanzu tayari, nimesimama chini ya kalenda natafuta kofia. Kilichoanguka begani kilikuwa na sehemu mbili, nyeusi na nyeupe. Ile nyeupe ndiyo mkojo wa mjusi. Hatoi maji kama sisi. Taka ya nitrojeni huigeuza kuwa asidi ya uriki, kitu kikavu, ili maji yabaki mwilini. Kuku hufanya vivyo hivyo. Asidi hiyo haiyeyuki kirahisi kwenye maji, jambo nililolithibitisha kwa kitambaa kibichi kilichoitandaza mpaka kwenye kola.

Nimeswali na kanzu ya harusi yangu. Haikuvuka tumbo kwa hiari.

Jumamosi
Asubuhi mjusi asiye na mkia alikutwa ndani ya kikaango cha Teflon. Anapanda, anateleza, anapanda, anateleza. Huyu ndiye anayelala darini kichwa chini.

Sababu inajulikana. Chini ya vidole vyake mna vinyweleo, mamia ya maelfu kwa kila mguu, na kila kinyweleo kimechanuka kuwa ncha nyingi zisizoonekana kwa macho. Mwaka 2002 Kellar Autumn na wenzake walionyesha kwamba hakuna gundi hapo. Kinachoshika ni nguvu za Van der Waals, mvutano hafifu mno kati ya molekuli zilizokaribiana, ila ncha ni nyingi kiasi cha kumbeba mnyama mzima. Teflon, iliyogunduliwa mwaka 1938 na Roy Plunkett katika maabara Marekani akishughulikia gesi za majokofu, ni katika vitu vichache vinavyoushinda mguu huo.

Ikiwa kavu. Ikilowa, mjusi anashika. Hilo nalo limepimwa. Nilikuwa nakaribia kulisema wakati mama mkwe anamimina maji ili amsukume nje. Mjusi alipanda kikaango, akapanda mpini, akapanda mkono.

Mama mkwe anarudi Malindi kesho kwa basi la kwanza.

Jumapili
Saa nane usiku simu yangu ilimpigia mwenye nyumba. Nilikuwa nimeiacha mezani, imefunguka kwenye orodha ya niliowapigia. Kioo cha simu hakisubiri kubonyezwa. Chini yake mna gridi ya umeme, na chochote chenye maji na chumvi kama mwili kikikigusa, kinabadilisha chaji mahali pale. Kidole au mguu wa mjusi, kwake ni mamoja. Mwaka 2018 hospitali ya sili kule Hawaii ilipigia watu simu mfululizo, na aliyekutwa kwenye kioo alikuwa mjusi wa jamii hii.

"Mzee, si mimi niliyepiga," nilimwambia. "Ni mjusi."

"Mkataba unasema watu wanne," alisema. "Huyo amehamia lini?"

Akakata. Asubuhi nilianza kumwandikia maelezo kamili, kuanzia gridi mpaka Hawaii, nikiwa nimesimama barazani. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, na tone la maji kwenye kioo huweza kuhesabiwa kuwa kidole. Ujumbe uliomfikia unasema: "Shikamoo mzee, kuhusu kodi, mjusi".

Amejibu kwamba anakuja saa kumi.