Mazoezi Matano ya Kushambulia na Kukaba: Kutoka Mkiani Hadi Kileleni

Makocha, tulieni. Wachezaji, acheni kuwacheka makocha. Kigezo hapa ni kimoja tu: zoezi zuri linampa straika kazi na beki naye kazi, kwa wakati mmoja. Tunaanzia mkiani.

5. Mashuti bila beki
Foleni, pasi, fumua, rudi kwenye foleni. Linanoa mguu, sikatai, ila unasubiri zamu kuliko kwa kinyozi siku ya mkesha wa Idi.
Hukumu: la kupasha misuli. Koni haijawahi kumkaba mtu.

4. Rondo
Watano pembeni, wawili kati. Anayepoteza mpira anaingia kati. Johan Cruyff aliipenda, Barcelona wakaifanya chakula cha kila siku. Ajabu yake: haina goli!
Hukumu: pasi tamu, presha tamu, ubao 0–0.

3. Mmoja kwa mmoja
Mita 20 kwa 10, vigoli viwili. Beki, simama kiubavu, mcheleweshe straika, msukumie kwenye mguu asioupenda. Straika, mpige chenga kabla hajajipanga.
Hukumu: hakuna pa kujificha. "Nilidhani unamkaba wewe" utamwambia nani?

2. Kumi dhidi ya watano
La Arrigo Sacchi, AC Milan. Mabeki wanne na kipa dhidi ya kumi, wakiwemo Gullit na Van Basten, waliopewa dakika 15 wafunge. Kwa simulizi ya Sacchi mwenyewe, hawakufunga.
Hukumu: mpangilio unaila idadi. Milan wakabeba Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Bisha sasa!

1. Watatu dhidi ya wawili, na vigoli vya mabeki
Nusu uwanja, goli kubwa lina kipa, mstari wa kati una vigoli viwili. Washambuliaji wana sekunde 10, na kuotea kunahesabiwa. Mabeki wakipokonya, wanakimbilia vigoli, na washambuliaji wanageuka walinzi papo hapo. Mabao yakimiminika, punguza upana, yakikauka, panua.
Hukumu: bingwa. Beki habutui tu, naye anatafuta bao. Straika anayeshika kiuno akipoteza mpira anaadhibiwa kabla kocha hajafungua mdomo.

Unaona rondo imeonewa? Njoo na hoja, kelele ziache jukwaani. Ila kwanza, kesho jioni wawekee mabeki wako vigoli viwili, kisha tubishane.