Michoro Iliyotoka Bandani

Maombi aliyotaka kutuma mdogo wangu yalihitaji potifolio ya kazi zisizozidi 15, kila moja na jina lake, mwaka, rangi iliyotumika na vipimo. Mwisho wa kupokea ulikuwa Jumatatu. Chumbani kwake kulikuwa na michoro michache tu. Mingine ilikuwa imeajiriwa humu humu ndani.

Yeye huchora kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi, kama Edward Saidi Tingatinga alivyoanza hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli. Na hadibodi haikai bure katika nyumba ya Mbagala yenye watu wengi. "Wauza Samaki" ulifunika pipa la maji la mama. "Mvua ya Kwanza" ulikuwa mlango wa banda la kuku. Mwingine baba mdogo aliutandika juu ya chaga, chini ya godoro lake.

"Sasa maji yangu nifunike na nini?" mama akauliza. Akapewa sinia. Kuku hawakupewa kitu, wakatoka wote, na tetea mmoja akakatiza juu ya mchoro mpya uliolazwa mkekani ukauke. Nyayo zikazama katika anga la buluu. Mdogo wangu akakaa chini, kimya. Mchoro huo ndio aliokuwa akiutegemea.

Nilimwambia, na bado naamini, kwamba 15 ni kikomo, si deni. Kazi moja dhaifu huzivuta chini zote zilizo jirani nayo. Akachuja. Twiga na tembo wa kuwauzia watalii akawaweka kando, akabaki na watu wa mtaani kwetu, ambao sijaona mwingine anayewachora vile. Lakini michoro iliyokwisha kuuzwa bila kupigwa picha ilikuwa imepotea kabisa, na hilo liliniuma kuliko yule kuku.

Tulipoanza kupiga picha, juani rangi ya mafuta ilimeremeta mpaka sura za watu hazikuonekana. Tukahamia barazani kivulini, ubao ukasimamishwa wima, simu ikashikwa usawa wa katikati yake ili pembe zisipinde, flashi ikazimwa. Mama, ambaye ni fundi cherehani, akapima kwa futi yake: kimo kwanza, kisha upana.

Kilichotusumbua ni miaka. Hakuna mchoro uliokuwa na tarehe, ikabidi kila mtu atoe ushahidi. "Huu uliuchora mwaka alioolewa dada yako." "Huu ni kabla hatujavuta umeme, nakumbuka ulimwaga mafuta ya taa." Mmoja baada ya mwingine michoro ikapata umri wake, mpaka tulipofika kwa "Wauza Samaki". Baba mdogo akashika 2022, mama akashika 2021, na hakuna aliyetaka kulegeza.

Tukaugeuza. Mgongoni palikuwa na mwandiko wa mama, alioandika ubao ukiwa umelala kifudifudi juu ya pipa: orodha ya wateja anaowadai fedha za kushonewa, na juu yake tarehe 14 Machi 2021.

Mdogo wangu akaandika 2021. Mama akataka upande huo nao upigwe picha, maana wawili kati yao hawajalipa mpaka leo.