Mshale Mtiifu

Kuna wazee wa Nakuru wenye Peugeot 504 wasioamini geji ya joto hata ikiapa kwamba injini imechemka. Fundi huchomoa waya wa sensa, akaugusisha kwenye chuma cha injini. Mshale ukaruka hadi H, yaani moto. "Geji ni nzima, mzee. Ama sensa imekufa, ama maji yanachemka kweli." Mzee huchagua la tatu: waya uachwe ukining'inia. Mshale unalala kwenye C, yaani baridi, naye anapanda mlima wa Sachangwan roho kwatu, ingawa kwa mwinuko wa Nakuru tu, maji ya sufuria huchemka kabla ya nyuzi 95. Ukimuuliza kuhusu mvuke, atakukumbusha kwamba 504 ilishinda Safari Rally 1975, tena 1978.