Utukufu wa Printa

Watu huisifu skrini kwa kung'aa na kibodi kwa uvumilivu. Kipanya nacho kinapendwa kwa sababu huenda kinakosukumwa. Hao wote ni watumishi tu. Mwenye enzi ni printa, na namsema hasa yule wa steshenari iliyo jirani na stendi, hapa Singida mjini: plastiki yake ilikuwa nyeupe, sasa ni rangi ya uji wa ulezi, na hajawahi kutoa kurasa tatu mfululizo bila kubembelezwa.

Dada wa steshenari anamjua. Amri ikitumwa, printa hukoroma, huvuta karatasi mbili kwa mpigo, kisha huwasha taa nyekundu. Dada hufungua mlango wa nyuma, huchomoa karatasi taratibu isichanikie ndani, hupangusa rola kwa kitambaa chenye unyevu, halafu humpiga kofi la upole ubavuni. Mafundi wana maelezo yao: upepo wetu wa kiangazi hubeba vumbi, vumbi huutelezesha mpira wa rola, na hewa kavu huzifanya karatasi zing'ang'aniane. Sawa. Lakini mbona upepo huo hukolea miezi ileile ambayo dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu huwa wazi? Printa anajua msimu wake.

Na fomu ile ya mkopo ndiyo inayomtawaza. Kijana wa Ikungi huijaza mtandaoni, kisha lazima itoke kwenye karatasi ikasainiwe na mdhamini, ikapigwe muhuri serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu, ndipo iskaniwe irudi kulekule mtandaoni ilikotoka. Bila printa, mtendaji angejuaje kwamba mtoto wa jirani yake amefaulu?

Printa wa wino wa rangi, aliye meza ya pili, ana msimamo mkali zaidi. Barua yako ni nyeusi tupu, lakini wino wa njano ukiisha, naye anagoma. Mshikamano wa namna hiyo vyama vya wafanyakazi vinausoma tu kwenye katiba zao.

Wanaomdharau wajue kwamba kukwama kwake kumeleta mapinduzi. Katika maabara ya MIT, Marekani, printa ya leza ya Xerox ilikuwa ikikwama kila mara. Mwanaprogramu wa hapo, Richard Stallman, akataka kuongeza kwenye programu ya printa hiyo ujumbe wa kuwajulisha watu waliosubiri kwamba karatasi imekwama. Akanyimwa msimbo wa programu hiyo. Kinyongo hicho kilichangia, mwaka 1983, kumfanya atangaze mradi wa GNU, wa programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, na programu huria za namna hiyo zikaenea dunia nzima. Printa mtiifu angezaa nini?

Sisi hatujafika huko, ila foleni yetu ina mazao yake. Afisa aliyeshuka kwenye gari la serikali anasimama nyuma ya bodaboda, na hakuna wa kumpisha, maana hakuna kinachotoka. Wiki jana mwalimu mstaafu alikuja kutoa kopi ya kitambulisho chake. Hadi saa sita alikuwa ameshapata mnunuzi wa magunia yake ya alizeti, wamekubaliana bei, wamepeana namba za simu. Kopi bado.